Kabla Redio Haijamjua: Namna ya Kutengeneza Filamu ya Makala Kuhusu Miaka ya Mwanzo ya Mpiga Ngoma wa Kusini

Mtanzania aliyekulia karibu na redio anazijua ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona aliyepiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, kwa kuwa kwa miaka mingi zilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Muulize Mtanzania huyohuyo Mzee Morris alifundishwa na nani na alipigia nani kabla ya studio kumwita, atabaki anakutazama. Hali ni hiyohiyo kwa karibu wasanii wote wa ngoma wa Lindi na Mtwara. Sifa zimehifadhiwa kwenye kanda na magazeti, lakini miaka ya kujifunza imebaki vichwani mwa watu wachache, na watu hao wanazeeka.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kutengeneza filamu ya dakika 26 au 52, urefu unaoingia vizuri kwenye kipindi cha nusu saa au saa moja cha runinga, kuhusu miaka ya mwanzo ya manju (kiongozi wa nyimbo za ngoma), mpiga ngoma, mpiga zeze au mpiga malimba wa kusini. Kamera ni sehemu ndogo ya kazi hii. Sehemu kubwa ni kupanga miaka: nini kilitangulia nini, na nani alikuwepo. Filamu iliyokosea hapo haiokolewi na uhariri mzuri wala picha za angani.

Weka mpaka kwanza

Andika sentensi moja inayosema mwanzo wake unaishia wapi. Mpaka mzuri ni tukio lenye ushahidi: siku aliporekodiwa na redio mara ya kwanza, safari ya kwanza ya Dar es Salaam, kuingia kikundi cha taifa, au kuondoka kijijini moja kwa moja. Kila kilicho baada ya mpaka huo kipewe dakika tatu, zikizidi sana nne, kwa ajili ya mtazamaji asiyemjua. Tunasisitiza hili kwa sababu miaka ya umaarufu ina picha nyingi na inavuta. Usipojifunga mapema, utajikuta nusu ya filamu inaonyesha matamasha ambayo watu walishayaona.

Daftari la miaka

Mzee wa Newala au Ruangwa akiulizwa “ilikuwa mwaka gani?” mara nyingi atataja mwaka wowote ili kukuridhisha, maana si adabu kumwacha mgeni bila jibu. Mwaka huo ukiuandika kwenye filamu umeshapotosha. Muulize kwa matukio, kwa sababu matukio ya kusini yana tarehe zake.

Nunua daftari kubwa la mistari. Upande wa kushoto panga matukio: mradi wa karanga wa Nachingwea (1947 hadi 1951), reli ya Mtwara–Nachingwea iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952, Uhuru Desemba 1961, vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma (1964 hadi 1974), Azimio la Arusha Februari 1967, Lindi kutengwa na Mtwara kuwa mkoa wake 1971, Operesheni Vijiji (1973 hadi 1976), uhuru wa Msumbiji 25 Juni 1975, vita vya Kagera (1978 na 1979). Upande wa kulia andika kila jambo la msanii wako ulilosimuliwa, na pembeni jina la aliyesema na siku aliyosema.

Sasa uliza hivi: Alipoanza kupiga ngoma kubwa, mlikuwa bado kijiji cha zamani au mmeshahamishiwa kijiji cha ujamaa? Treni ilikuwa bado inapita? Wakimbizi kutoka Msumbiji walikuwa wameshaanza kuvuka? Yeye na wewe nani alitangulia jandoni? Maswali manne ya namna hii yanaweza kubana tukio ndani ya miaka miwili au mitatu. Hilo la jando lina thamani kuliko yote. Watu husahau mwaka, lakini hawasahau waliolala nao kambini. Tafuta wenzake wa jando, na mmoja wao akiwa na cheti cha kuzaliwa, cha shule au cha ubatizo, umepata nanga ya kufungia rika zima. Misheni za zamani kama Ndanda, iliyoanzishwa na Wabenedikto 1906, na zile za Kianglikana za Masasi zilikuwa na desturi ya kuandika waliobatizwa. Omba kwa barua, taja jina na miaka unayotafuta, wala usidai kupekua kitabu kizima.

Jando linaleta pia tatizo ambalo wageni hulikosea mara kwa mara: jina. Kijana wa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua akitoka jandoni huwa na jina jipya. Baadaye huenda akapata la dini, kisha la jukwaani, kisha karani akaliandika kwenye boksi la kanda kwa herufi alizosikia yeye. Mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne na tahajia saba. Yaandike yote ukurasa wa kwanza wa daftari kabla hujaingia maktaba yoyote, na kila unapotafuta, tafuta kwa yote.

Kanuni ya kukubali jambo kuwa kweli: mashahidi wawili ambao hawakuambiana. Watu watatu wa mtaa mmoja waliosikia kisa kwa marehemu mwenyewe wanahesabika shahidi mmoja. Kisa cha shahidi mmoja hakitupwi. Kinaingia kwenye filamu kwa mdomo wake, “mimi nilisikia hivi”, wala hakisemwi na msimulizi kana kwamba kimethibitika.

Mahali pa kutafuta

Usitegemee kupata picha zinazotembea. Runinga Tanzania Bara ilianza 1994, kwa hiyo msanii aliyechipukia miaka ya 1950 au 1960 hana video ya ujana wake isipokuwa kwa bahati. Tafuta sauti na picha za mnato.

Maktaba ya sauti ya Radio Tanzania iko chini ya TBC, Dar es Salaam. Nenda na orodha ya majina, jina la ngoma, kijiji na miaka unayokisia. Boksi la kanda likishuka rafuni, soma pande zote na kikaratasi cha ndani, halafu lipige picha. Tarehe iliyopo inaweza kuwa ya kurushwa, si ya kurekodiwa, na tofauti yake huweza kuwa miaka. Picha za viongozi wakipokewa kwa ngoma zipo Idara ya Habari (MAELEZO). Humo tazama nyuma ya kiongozi, kwa wapigaji, maana maelezo ya picha huwataja wakubwa tu. Magazeti ya zamani kama *Uhuru* na *Ngurumo*, na *Mambo Leo* la tangu 1923, yatafute Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitengo cha Afrika Mashariki, na nyaraka za serikali kwenye Kumbukumbu za Taifa.

Kumbuka mipaka ilivyobadilika. Kabla ya 1971 mambo ya Lindi yapo ndani ya Mkoa wa Mtwara, na wakati wa Mwingereza yote yamo kwenye Jimbo la Kusini, pamoja na Songea na Tunduru. Anayetafuta “Lindi” peke yake kwenye faharasa hutoka mikono mitupu wakati faili lipo.

Nje ya nchi, mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alipita bara nyuma ya Lindi hadi nyanda za Makonde mwaka 1906 na kurekodi nyimbo kwa fonografu. Hizo hazitamhusu msanii wako moja kwa moja, ila kama filamu inagusa babu zake wa ngoma, jua kwamba sauti za kizazi hicho zipo Ujerumani.

Na nyumbani kwa ndugu, usiulize “mna picha?” Uliza kama kuna sanduku la bati. Humo ndimo zinamokaa kadi za TANU, vyeti vya mashindano, barua na kaseti.

Ruhusa, na kwa nini watoto wake hawatoshi

Kibali cha kupiga filamu hutolewa na Bodi ya Filamu Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Nakala yake ipeleke kwa afisa utamaduni wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, kwa mpangilio huohuo. Ukimruka mmoja, kazi itasimama siku ambayo ngoma imeshawambwa. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usiirushe karibu na mpaka wa Ruvuma wala mitambo ya gesi ya Madimba na Songosongo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa wimbo mmoja wa redio unahitaji ruhusa mbili: ya mwenye kanda na ya mtunzi au warithi wake. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watakuelekeza. Kwa ngoma ya jadi isiyo na mtunzi mmoja, waulize BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kabla ya kuuza filamu, usisubiri baadaye.

Kwa upande wa familia, mahakama inamtambua msimamizi wa mirathi, na saini yake ni ya lazima. Lakini Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa desturi huhesabu ukoo kwa mama. Mwenye kauli juu ya jina la marehemu anaweza kuwa mjomba wake au mtoto wa dada yake, si mwanawe wa kumzaa. Filamu iliyosainiwa na watoto peke yao inaweza kukwama siku ya kuonyeshwa, mpwa akisimama na kusema hakuulizwa, na kimila atakuwa na haki. Omba kikao cha pande zote mbili, eleza filamu itaonyeshwa wapi na mapato yakipatikana yatakwenda kwa nani, andika kwa Kiswahili chepesi kurasa mbili zisizidi, soma kwa sauti, wasaini wote.

Kikundi cha ngoma kilipwe kama kikundi, mbele ya wanakikundi wote, kiasi kitajwe na kiandikwe. Anayehojiwa tusimlipe kwa maneno yake, maana maneno ya kununuliwa hunenepa. Mpe nauli na fidia ya siku aliyoacha shamba, kiwango kilekile kwa kila mtu.

Kaseti na kanda za zamani

Hapa ndipo hazina inapoharibiwa na mikono yenye haraka. Kaseti iliyokaa pwani miaka 30 imenyonya unyevu. Ikague kwenye mwanga: ukiona ukungu mweupe kingoni mwa utepe, usiicheze, maana ukungu utahamia kwenye mashine na kuambukiza zinazofuata. Itie kwenye mfuko wa plastiki peke yake na umpelekee fundi wa kuhifadhi sauti.

Kaseti safi izungushe kwanza mbele hadi mwisho na kurudi, polepole, ili utepe ulegee. Tazama kipande kidogo cha sufi kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa. Kikibanduka sauti hufifia na kuyumba. Kaseti nyingine ya skrubu inaweza kukopesha ganda lake, utepe ukahamishwa. Safisha kichwa cha mashine kwa spiriti safi na pamba kila baada ya kaseti moja, wala si kila siku moja. Kama sauti imeziba kana kwamba mtu anaimba nyuma ya mlango, huenda kichwa kilichorekodi hakikulingana na cha mashine yako. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo: izungushe kidogo mno huku unasikiliza njuga, uache pale zinapong'aa zaidi. Kaseti hiyo ikishahamishwa, rudisha skrubu mahali pake kabla ya kaseti nyingine.

Hifadhi kwa faili la WAV, biti 24, kiloheti 96 (kHz). Saa moja ya chaneli mbili ni kama gigabaiti 2. Usisafishe makelele wakati wa kuhamisha, uyaache yalivyo, usafi utafanyika kwenye nakala.

Tatizo kubwa ni kasi. Kanda iliyorekodiwa kwa betri zilizochoka ilizunguka taratibu, hivyo ikichezwa kwenye mashine nzima inakimbia: ngoma inaharakisha na sauti ya manju inakuwa ya kitoto. Malimba na dimbila (marimba ya mbao ya Wamakonde) hazina kipimo cha piano cha kukurudisha kwenye kweli. Kama kanda ilirekodiwa kwa umeme wa waya, sikiliza muungurumo wa chini. Umeme wetu ni wa heti 50 (Hz). Programu ya sauti ikionyesha muungurumo uko heti 52, kanda inakimbia kwa asilimia 4. Ipunguze hadi muungurumo usome 50. Kama ilikuwa ya betri, mbebee mwenzake aliyepiga naye, umchezee kasi tatu tofauti bila kumwambia ipi ni ipi. Mikono ya mpigaji inakumbuka mwendo.

Kwa kanda za rili, ya inchi 7 yenye futi 1,200 ikichezwa kwa kasi ya inchi 7.5 kwa sekunde huchukua kama dakika 32. Ukipata dakika 64, wewe unaicheza kwa nusu ya kasi hiyo. Iliyonata na kulia kama mlango isilazimishwe, wala isiokwe jikoni kwa ushauri wa mtandaoni. Kanda za asetati, zinazopitisha mwanga ukizitazama kwa ubavu, huharibika kabisa zikiokwa.

Msimu

Mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Juni hadi Septemba barabara za vijijini zinapitika na ngoma zipo, kwa sababu chakula kimevunwa. Lakini ni msimu uleule wa kupulizia korosho salfa. Mashine za kupulizia zinaanza alfajiri, wakati umande upo, na mlio wake unafika mbali. Vumbi la salfa nalo huingia kwenye lenzi na kifuani. Muulize mwenyekiti ni mashamba gani yanapulizwa wiki hiyo. Oktoba na kuendelea watu wako kwenye kuokota na kwenye minada, na mzee mwenye ekari zake hatakuwa na mchana wa kukupa. Likizo za Juni na Desemba zina jando na unyago, kwa hiyo ngoma ni nyingi ila wapigaji wazuri wameshakodishwa. Waandikie mwezi mmoja kabla.

Juu Newala asubuhi za Juni na Julai zina ukungu na baridi. Kamera iliyopoa nje kwenye baridi ikiingizwa ghafla ndani kwenye joto, lenzi hutoka jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa izoee. Pwani, Mikindani hadi Lindi, kusi linavuma mchana kutwa miezi hiyo: rekodi mahojiano kabla ya saa nne asubuhi, na kila maiki ivae manyoya.

Vifaa

Watu wanne wanatosha: mwongozaji anayehoji, wa kamera, wa sauti, na mkalimani mwenyeji ambaye pia anajua mila. Ukipunguza, usimpunguze wa sauti. Kamera iwe fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, ili taa za umeme wetu zisipepese. Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde unatumia gigabaiti 45 kwa saa. Siku 12 za saa tatu ni karibu gigabaiti 1,620. Nunua diski za nje mbili za terabaiti 4, nakili zote mbili kila jioni kabla ya kula, na zisisafiri kwenye gari moja. Kadi usiifute mpaka umefungua faili za diski zote mbili na kuzitazama.

Mahojiano

Nyumba ya bati ina sauti yake. Jua likipanda, bati linatanuka na kulia ta, ta, na hakuna programu inayolitoa vizuri. Kaa chini ya mkorosho: kivuli chake kipana na kiko chini. Majani yake huutia uso ukijani, kwa hiyo tandika shuka jeupe miguuni pa mzee, nje ya picha, lirudishe mwanga. Maiki ndogo ibandike sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, juu ya nguo. Kwa bibi aliyejitanda kanga, ifunge kwenye pindo linalobaki tuli na uombe mwanamke aifunge. Sikiliza kwa hedifoni dakika moja kabla ya swali, na rekodi sekunde 60 za ukimya wa mahali hapo baada ya mazungumzo.

Shikamoo, hali ya nyumbani, hali ya shamba, kisha kazi. Anayeharakisha salamu hupewa majibu ya harakaharaka. Acha mzee aseme kwa lugha yake. Kimakonde au Kimwera kikitoka vizuri kina maneno ya ngoma ambayo Kiswahili hakina, na mkalimani atafasiri baadaye. Mpe kitu mkononi: picha, kaseti ikicheza, au ngoma yenyewe. Mzee aliyesema amesahau kila kitu akishika ngoma huanza kusahihisha. Usiulize “alikuwa mtu wa namna gani?” maana utajibiwa alikuwa mtu mzuri sana. Uliza alikaa upande gani wa wapigaji, alipigwa kofi na nani alipokosea, alilipwa nini ngoma ikiisha alfajiri, nani alikuwa akimshinda. Mwalike mtani wake akae karibu. Mtani ana ruhusa ya kusema ambacho ndugu hawawezi, na mzee akikuza mambo atamrekebisha watu wakicheka.

Saa moja ya mahojiano inachukua saa tano hadi nane kunukuu kwa maandishi, na zaidi kama kuna tafsiri. Zitenge hizo saa kwenye bajeti. Filamu nyingi za namna hii hufia hapo, zikiwa na diski zilizojaa maneno ambayo hakuna anayejua yako dakika ya ngapi.

Kurekodi ngoma yenyewe

Ngoma hupashwa moto ili ngozi ikaze. Ikipigwa, hasa usiku wenye unyevu, inalegea na sauti inashuka. Ukirekodi wimbo mara tatu bila kupasha upya, mhariri akiunganisha vipande sauti itaruka kama mtu aliyeshuka ngazi. Kwa hiyo: pasha, rekodi wimbo mzima bila kukatiza kwa picha pana, pasha tena, rudia kwa picha za karibu. Moto wenyewe usiukose, ni mojawapo ya picha chache za leo zinazofanana na za ujana wake.

Maiki mbili za pamoja weka mita 3 mbele kwenye kimo cha kichwa, ya tatu kando ya ngoma kiongozi nusu mita kutoka ukingoni, ya nne kwa manju. Pima kiwango cha sauti wakati wanapiga kwa moyo, wala si wakati wanajaribu, kwani hadhira ikikusanyika nguvu huongezeka sana. Lenga vilele visivuke desibeli 6 chini ya kikomo, na uwe na chaneli ya akiba iliyopunguzwa desibeli 10 zaidi. Kinasa sauti kisizimwe kamera ikihama. Piga kofi moja mbele ya lenzi kila unapoanza upya, ili mhariri alinganishe sauti na picha.

Kuna visivyorekodiwa. Ya ndani ya jando na unyago yanabaki huko, hata kama msanii wako alijifunzia humo. Sema tu kwamba alijifunzia humo. Kwenye mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, anayevaa kinyago hatajwi, haonyeshwi akivaa wala akivua, na mkalimani akikwambia zima kamera, zima kwanza ndipo uulize.

Kuhariri bila picha za zamani

Andika filamu kwenye karatasi kabla ya kukaa kwenye kompyuta: kadi moja kwa kila tukio, rangi moja kwa lenye ushahidi wa maandishi, nyingine kwa la mashahidi wawili, nyingine kwa la mmoja. Zipange ukutani. Ukiona robo ya kwanza yote ni rangi ya shahidi mmoja, rudi kijijini, usifunike pengo kwa muziki.

Pasipo picha, tumia mahali. Njia aliyopita kwenda kwa mwalimu wake, tuta la reli iliyong'olewa, uwanja wa kijiji cha zamani ambao sasa ni mikorosho, pamoja na sauti ya kanda, vinabeba dakika mbili bila msimulizi. Sindimba ya kikundi cha leo ikiwekwa juu ya simulizi la 1965 lazima maandishi yaseme imepigwa lini na wapi, sekunde nne zisipungue. Mtazamaji wa kusini anaitambua fulana ya kampeni iliyopita hata ukiipaka rangi ya kizamani.

Tafsiri za chini ziwe mistari miwili, herufi 38 kwa mstari. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo fupisha maana, usifasiri neno kwa neno. Nyimbo za mafumbo usizifumbue kwenye maandishi. Andika maneno, na fumbo aliseme mwenye wimbo.

Kabla ya kuifunga na kuipeleka Bodi ya Filamu kupangiwa daraja, ionyeshe kijijini kwake usiku, kwa shuka jeupe na projekta, mkiwa na daftari. Keti pembeni ya skrini ukitazama watu. Minong'ono inapoanza, andika dakika. Asubuhi zunguka kwa waliokuwa wakinong'ona, mmojammoja, uwaulize waliona nini. Utapata jina lililotamkwa vibaya, mwaka uliopishana, na mara nyingi shahidi ambaye hakuna aliyekutajia, kwa sababu alikuwa ameolewa kijiji kingine. Tenga siku tatu za kamera na fedha za mafuta kwa ajili yake.